Shotigani ya babu, shotigani ya mjukuu: Bata ndiye aliyeamua

MJI wa Stuttgart, jimboni Arkansas nchini Marekani, unajulikana kwa mambo mawili: mpunga na bata. Mashamba yakishavunwa na kujaa maji, bata mwitu wanaoshuka kutoka Kanada kwa kufuata bonde la Mto Mississippi hutua humo kwa makundi, na wawindaji huwafuata. Tangu mwaka 1936 mji huo umekuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya kuigiza mlio wa bata.

Katika mji wa namna hiyo ubishi wa bunduki hauishi. Mzee atakwambia kwamba shotigani za pampu zilizotengenezwa kabla ya 1964 zilikuwa chuma kitupu, na kwamba zilizofuata ni bati na plastiki. Kijana atamjibu kwamba ya kwake ilitumbukia kwenye tope alfajiri, ikasuuzwa, na kabla jua halijapanda ikawa imeshaangusha bata watatu. Kila mmoja ana hoja. Lakini ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba wanabishania mwili wa bunduki, ilhali mambo mawili yaliyozitenganisha pampu za zamani na za sasa yako nje ya mwili huo: ujira wa mafundi, na sheria iliyotungwa kwa sababu ya firigisi ya bata.

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, pampu ni bunduki ya mlinzi mlangoni mwa benki, au ile inayotajwa na kamanda wa polisi anapozungumzia majambazi waliokamatwa. Huko ilikozaliwa ni chombo cha mawindo, na ndiyo maana historia yake inasomeka vizuri zaidi kinamasini kuliko mjini.

Injini ni mkono wa mwindaji

Pampu haina siri kubwa. Chini ya mtutu kuna bomba linalobeba risasi zikiwa zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Juu ya bomba hilo kuna mshikio unaoteleza. Mwindaji akishafyatua, huuvuta mshikio nyuma: komeo linafunguka, ganda tupu linatupwa nje, nyundo inajitega. Akiusukuma mbele, risasi mpya inapandishwa kutoka kwenye bomba, inaingizwa chemba, na komeo linajifunga. Mizunguko hiyo miwili ya mkono huchukua muda mfupi kuliko kuisimulia.

Kwa kuwa nguvu yote inatoka kwenye mkono wa mtu, bunduki hii haijali kama risasi ni kali au hafifu. Zile zinazojipakia zenyewe hutegemea gesi au teke la risasi, kwa hiyo huweza kukwama zikichafuka au zikipewa risasi dhaifu. Pampu hukwama zaidi pale mwenyewe anapoingiwa na kiwewe na kuuvuta mshikio nusu. Kwa upande huu, ya mwaka 1912 na ya mwaka 2012 ni ndugu wa tumbo moja.

Aliyeanza na waliofuata

Christopher Spencer, yuleyule aliyebuni bunduki ya risasi nyingi iliyotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alipata hataza ya shotigani ya pampu mwaka 1882. Aliyeifanya iwe bunduki ya kila mtu, hata hivyo, ni John Moses Browning, fundi wa mji wa Ogden, Utah. Kampuni ya Winchester ilinunua mchoro wake na kutoa Model 1893. Wakati huo baruti isiyotoa moshi, yenye mgandamizo mkubwa zaidi, ilikuwa ikichukua nafasi ya baruti nyeusi, hivyo bunduki hiyo ikaimarishwa na kuzaliwa upya kama Model 1897.

Nyundo ya Model 1897 iko nje, inaonekana nyuma ya kasha la mtambo. Kila mshikio unapovutwa, komeo hurudi nyuma kupita juu ya mkono, na aliyeweka kidole gumba vibaya hukumbushwa papo hapo. Haina kitufe cha usalama. Mwindaji huishusha nyundo hadi nusu ya njia na kuiacha hapo. Pamoja na hayo, zaidi ya bunduki milioni moja za aina hiyo zilitengenezwa hadi uzalishaji uliposimama mwaka 1957. Ile yenye mtutu mfupi ilipelekwa kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na Septemba 1918 Ujerumani iliwasilisha malalamiko rasmi dhidi ya matumizi yake.

Browning alipokosana na Winchester mwanzoni mwa karne iliyopita, kazi iliangukia kwa mhandisi wa kampuni, T. C. Johnson. Aliiingiza nyundo ndani ya kasha, akalainisha mwendo wa komeo, na mwaka 1912 ikatoka bunduki ambayo hadi leo wengi huitaja kama kilele cha pampu zote: Model 12. Kila sehemu muhimu ilichongwa kutoka kwenye pande la feleji. Mwandishi Ernest Hemingway alikuwa nayo. Alikuja nayo Kenya katika safari yake ya mwaka 1953, wakati huo ikiwa imeshachakaa na kubadilishwa kitako zaidi ya mara moja, na aliitaja kwa mapenzi katika maandishi yaliyochapishwa baada ya kifo chake.

Ukishika Model 12 iliyotunzwa unaelewa sifa hizo. Mshikio hauchezi wala haukwaruzi, na komeo hufunga kwa mlio mmoja mkavu. Mwaka 1937 kampuni ya Ithaca ya New York ilitoa mpinzani wake, Model 37, nyepesi na inayopakia na kutupa maganda kwa chini. Mwindaji wa mkono wa kushoto aliipenda kwa sababu maganda hayampiti usoni, na mvua na majani hayana tundu la ubavuni la kuingilia.

Kushindwa kwa kiwanda bora

Ubora huo ulikuwa na mwenye kuulipia. Kasha moja la Model 12 lilipita kwenye mashine nyingi za kuchonga, kisha mikononi mwa watu waliolinganisha kipande na kipande kwa tupa na jicho. Mtutu wake uliunganishwa na kasha lake. Mtutu wa bunduki nyingine haukuingia bila fundi kuurekebisha. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ujira wa mafundi hao uliwezekana. Baada ya vita ulipanda, na bei ya bunduki ikapanda nao.

Washindani wa Winchester, Remington, walikuwa wamejaribu kushindana kwa ufundi uleule kupitia Model 31, nzuri sana lakini haikuing'oa Model 12 sokoni. Mwaka 1950 wakaja na hesabu tofauti. Kasha la Model 870 bado lilichongwa kutoka feleji imara, ila vipande vingi vya ndani viligongwa kwa mashine na kufanana kiasi kwamba cha bunduki moja kiliingia kwenye nyingine. Komeo lilijifunga ndani ya mtutu wenyewe badala ya kwenye kasha. Hili lilionekana dogo, lakini lilimpa mwindaji uhuru ambao Model 12 haikuwa nao: alifungua kifuniko cha mbele ya bomba, akachomoa mtutu mrefu wa bata, akachomeka mfupi wa kulungu, bila fundi wala bisibisi. Mshikio nao ukaunganishwa na komeo kwa vyuma viwili, kimoja kila upande, badala ya kimoja kama Model 12. Ukiuvuta kwa pembe mbaya haupindi wala haukwami.

Bei ya kuanzia ilikuwa takriban dola 70, chini ya Model 12. Winchester walivumilia hadi mwaka 1964, kisha wakaiondoa kwenye uzalishaji wa kawaida baada ya kutengeneza karibu milioni 2. Wakati huohuo Mossberg walikuwa wameshaingia sokoni, mwaka 1961, na Model 500 yenye kasha la alumini na kitufe cha usalama juu, mahali ambapo dole gumba la mkono wowote hukifikia. Model 870 na Model 500 kila moja imepita milioni 10. Hakuna shotigani nyingine ya pampu iliyowahi kukaribia idadi hiyo.

Kwa hiyo anayesema kwamba bunduki za zamani zilitengenezwa kwa ufundi mkubwa zaidi hasemi uongo. Anachokisahau ni kwamba alumini ya Mossberg haikubebeshwa kazi ya feleji. Komeo lake nalo hujifunga ndani ya mtutu, hivyo mlipuko wote hubebwa na feleji kwa feleji na kasha hubaki kuwa nyumba tu ya vipuri.

Firigisi ya bata

Hadi hapo mzee na kijana wangeweza kuwinda pamoja, kila mmoja na bunduki yake, wakitumia risasi kutoka boksi moja. Kilichowatenganisha kilianzia kwenye matope.

Bata hana meno. Humeza changarawe zinazokaa kwenye firigisi na kusaga punje anazokula. Kwenye mabwawa yaliyowindwa kwa miaka mingi, chini kulijaa marisau, yale madonge madogo ya madini ya risasi yaliyomkosa bata na kuzama. Bata aliyachukua akidhani ni changarawe au mbegu. Ndani ya firigisi yalisagwa, yakayeyushwa na asidi, na sumu ikaingia kwenye damu. Ndege akakonda, mabawa yakalegea, akafa vichakani bila mtu kumwona.

Jambo hili halikuwa siri. George Bird Grinnell, mhariri wa jarida la mawindo Forest and Stream, aliliandikia mwaka 1894. Mwaka 1959 mtafiti Frank Bellrose alikadiria kwamba asilimia 2 hadi 3 ya ndege wa majini wa Amerika Kaskazini walikufa kwa sumu hiyo kila msimu wa vuli na baridi. Baadaye ikaonekana kwamba tai wa kichwa cheupe, nembo ya taifa hilo, walikuwa wakifa kwa kula bata waliojeruhiwa au kudhurika. Watetezi wa wanyamapori wakaenda mahakamani. Serikali ikaanza kupiga marufuku eneo kwa eneo, na kufikia msimu wa 1991 hadi 1992 ilikuwa haramu kuwinda ndege wa majini kwa marisau ya madini ya risasi popote nchini Marekani.

Matokeo yalipimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kwamba marufuku hiyo iliokoa bata wapatao milioni 1.4 katika msimu wa mwaka 1997 pekee. Njia hiyo imefuatwa kwingineko. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku marisau hayo kwenye ardhioevu kuanzia Februari 2023. Mkataba wa kulinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama, nao unazitaka nchi ziachane nayo katika ardhioevu.

Pale mtutu wa zamani unapokwama

Mbadala wa bei nafuu ulikuwa chuma, na hapo ndipo Model 12 ilipopata mgeni isiyemjua. Risau la chuma lina takriban asilimia 70 tu ya uzito wa lile la madini ya risasi lenye ukubwa uleule, kwa hiyo hupoteza kasi upesi angani. Mwindaji hulazimika kutumia makubwa zaidi, na makubwa hujaza nafasi. Ili yaingie ya kutosha, risasi zilirefushwa. Ile ya kawaida ya milimita 70 ilikuwa na ndugu yake wa milimita 76. Mwaka 1988 Mossberg, wakishirikiana na watengenezaji wa risasi wa Federal, wakaleta ya milimita 89 pamoja na bunduki ya kuipokea, Model 835.

Tatizo la pili ni ugumu. Mitutu ya zamani ya bata ilibanwa mdomoni ili marisau yasitawanyike mapema. Madini ya risasi ni laini, hubonyea na kupita. Chuma hakibonyei. Marisau makubwa ya chuma yakipita kwa kasi kwenye kibano kikali, feleji ya mtutu wa zamani ndiyo inayolazimika kusalimu amri, na alama yake ni pete iliyovimba karibu na mdomo wa mtutu. Kibano hicho kilikuwa sehemu ya mtutu wenyewe, hakiondoki. Bunduki za sasa zina vibano vidogo vinavyofunguliwa na kufungwa kama parafujo: kilicho wazi kwa chuma na ndege wa karibu, kikali kwa bata mzinga.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Urefu wa risasi ya shotigani hupimwa mdomo wa ganda ukiwa umeshafunguka. Kabla ya kufyatuliwa umekunjwa, kwa hiyo risasi ya milimita 76 huweza kuingia vizuri kabisa kwenye chemba ya milimita 70. Komeo litafunga, na mwindaji ataamini mambo yako sawa. Akifyatua, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka, mgandamizo hupanda kupita kiasi, na bunduki huweza kupasuka. Baadhi ya pampu za geji 16 (kipimo cha upana wa mtutu) za mwanzo wa karne iliyopita zina chemba fupi zaidi, ya milimita 65, ambayo hata risasi ya kawaida ya leo haistahili. Kabla ya kununua bunduki ya umri huo, fundi aipime chemba. Kusoma maandishi ya mtutu hakutoshi, kwa kuwa nyingine hazikuandikwa.

Kidole kinachosahau

Eneo jingine ambalo umri una maana ni kifyatulio. Model 1897, Model 12 na Ithaca 37 za miaka mingi hazina kipuri kinachotenganisha kifyatulio na nyundo wakati wa kupampu. Mtu akiacha kidole kimebana huku anapampu, risasi hulipuka mara tu komeo linapojifunga. Wapo wanaoisifu tabia hiyo kama uharaka. Kwenye boti yenye watu watatu, mbwa na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, si sifa. Model 870, Model 500 na nyingi zilizofuata humlazimisha mtu aachie kifyatulio kabla hakijafanya kazi tena. Kwa anayejifunza, tofauti hii peke yake inatosha kumaliza mjadala.

Wingi wa risasi, kwa upande mwingine, hauleti tofauti yoyote. Tangu mwaka 1935 sheria ya Marekani inataka shotigani ya kuwindia ndege wahamaji isibebe zaidi ya risasi tatu, na bomba huzibwa kwa kijiti ili zisiingie zaidi. Ya babu na ya mjukuu zikiingia majini zina nafasi tatu sawasawa.

Mpya nazo zina madoa

Isidhaniwe kwamba kila kilichokuja baadaye kilikuwa hatua mbele. Mwaka 1987 Remington walitoa Model 870 Express, ya bei ya chini, ili kupambana na Mossberg. Rangi yake isiyong'aa iliwahi kushika kutu, na ulaini wa ndani haukufanana na Model 870 za miaka ya 1950. Malalamiko ya ubora yaliongezeka kadiri kampuni ilivyozidi kulemewa na madeni. Ilifilisika mwaka 2018, ikafilisika tena mwaka 2020, na Machi 2024 wamiliki wapya walikifunga kiwanda cha Ilion, New York, ambako jina la Remington lilikuwapo tangu 1828. Kazi imehamia Georgia.

Waitaliano wa Benelli, kutoka Urbino, walichagua njia nyingine. Nova yao ya mwaka 1999 ina kitako na kasha vilivyomiminwa kwa plastiki ngumu kama mwili mmoja, ndani ukiwa na mifupa ya feleji. Hupokea risasi zote tatu, kuanzia milimita 70 hadi 89. Haina uzuri wa kuning'inizwa ukutani na ina takriban kilo 3.6, lakini maji ya chumvi hayaisumbui, na uzito huo husaidia kumeza teke. Teke lenyewe si la utani: risasi ya milimita 89 kwenye pampu, ambayo haina gesi wala springi ya kupunguza nguvu, hulitia bega alama. Wawindaji wengi waliozinunua bunduki hizo kwa ajili ya risasi ndefu huishia kupakia za milimita 76. Hata jina la Winchester limehamia kwingine: pampu yao ya sasa, SXP, hutengenezwa Uturuki.

Nani abebe ipi

Anayewinda fezanti au kware kwenye nyasi kavu, katika jimbo ambalo marisau ya zamani bado yanaruhusiwa, hana sababu ya kuiacha Model 12 au Ithaca 37 iliyokaguliwa. Ni nyepesi kubeba siku nzima, hupanda begani bila kusukumwa, na kwa risasi ya milimita 70 iliyotengenezewa itamzika mwenyewe. Anayekwenda majini, au anayemkabidhi kijana bunduki yake ya kwanza, achukue ya kisasa: chemba ndefu, vibano vya kubadilisha, kifyatulio chenye adabu, na vipuri vinavyopatikana dukani badala ya kusakwa kwa wakusanyaji.

Kuna njia ya katikati. Marisau ya bismathi si sumu kwa bata, ni mazito kuliko chuma, na ni laini kiasi cha kupita kwenye kibano cha zamani bila kukidhuru. Yameirudisha Model 12 kinamasini kihalali. Ila boksi lake huuzwa mara kadhaa ya bei ya boksi la chuma, na hapo pana kichekesho cha historia. Pampu ilibuniwa kwa ajili ya mkulima asiyemudu shotigani ya mitutu miwili ya Kiingereza. Ilimpa risasi nyingi na uhakika kwa fedha aliyokuwa nayo. Leo Model 12 ndiyo inayohitaji risasi za mwenye nacho, na kazi aliyoifanya T. C. Johnson inafanywa na alumini ya Mossberg na plastiki ya Benelli. Mwenye kutafuta mrithi wa Model 12 asidanganywe na mng'ao wa mbao za kitako. Aangalie ni bunduki ipi ambayo mkulima wa Stuttgart anaweza kuinunua na kuilisha kwa mavuno ya msimu mmoja.